Ligi ya bolingi: Mfumo upi humpata mshindi wa haki bila kuwavunja moyo wanyonge?

LIGI za burudani aghalabu hazifi kwa ukosefu wa fedha wala uhaba wa wachezaji. Hufa pale timu za mkiani zinapotambua, msimu ukiwa bado mbichi, kwamba hakuna hesabu yoyote iwezayo kuzinusuru.

Wiki inayofuata mchezaji mmoja hutoa udhuru wa kazi. Wiki ya pili wawili hukosa kufika. Kabla ya nusu ya msimu, timu inayoongoza hujikuta ikicheza dhidi ya viti vitupu.

Ndiyo maana swali la mfumo wa ligi, ambalo wengi hulichukulia kuwa kazi ya katibu na kalamu yake, ndilo msingi wa mashindano yenyewe. Mfumo mbovu huweza kumnyima bingwa halali taji lake. Huweza pia kumfanya mchezaji mwaminifu aone kwamba hila ina faida kuliko bidii.

Mchezo wa bolingi, ambao wachezaji huviringisha tufe zito ili kuangusha pini 10, unatoa mfano mzuri wa tatizo hili. Hapa nchini kumbi zake ni chache na nyingi ziko jijini Nairobi. Nchini Marekani, hata hivyo, ligi za kila wiki za bolingi zimekuwapo kwa zaidi ya karne moja, na waandalizi wake wamekwisha kukabiliana na karibu kila mtego unaoweza kuivuruga ligi.

Muungano wa kwanza wa kudumu wa mchezo huo nchini humo, American Bowling Congress, uliundwa jijini New York mwaka 1895. Shabaha yake ilikuwa kusawazisha kanuni na vifaa, vilivyokuwa vikitofautiana kutoka mji hadi mji. Wanawake waliunda chama chao mwaka 1916 mjini St. Louis. Vyama hivyo na vingine viliungana mwaka 2005 na kuwa United States Bowling Congress, ambacho ndicho kinachosimamia kanuni za ligi nchini humo.

Historia hiyo ina doa lake. Hadi mwaka 1950, kanuni za chama cha mwaka 1895 ziliwaruhusu wanaume Wazungu pekee kuwa wanachama. Kifungu hicho kiliondolewa baada ya kampeni kali iliyoongozwa na vyama vya wafanyakazi na watetezi wa haki za raia. Usawa wa hesabu hauna maana iwapo mlango wenyewe umefungwa.

Mchezo wenyewe

Kila mchezaji hupewa zamu 10 katika mchezo mmoja. Pini ya kwanza husimama umbali wa futi 60, yaani takriban mita 18, kutoka kwa mstari ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka. Katika kila zamu ana nafasi mbili za kuangusha pini zote, na anayeziangusha kwa mrusho mmoja huongezewa alama za mirusho miwili ifuatayo. Alama za juu kabisa ni 300.

Katika ligi, timu mbili hukutana jioni moja kila wiki na kwa kawaida hucheza michezo mitatu. Alama za wachezaji wa kila timu hujumlishwa, na jumla hizo hulinganishwa.

Ugumu huanzia hapo. Mchezaji stadi hupata wastani wa alama 190 au zaidi, ilhali anayejifunza hupata 120. Wote wawili wamelipa ada sawa na wanastahili kufurahia jioni yao. Je, watapambanishwaje?

Njia tatu za kusawazisha

Njia ya kwanza ni kutosawazisha kamwe. Katika ligi ya alama halisi, pini zilizoanguka ndizo zinazohesabiwa. Mfumo huu ni wazi na hauna mwanya wa udanganyifu wa hesabu. Hata hivyo, unafaa tu pale ambapo wachezaji wote wana uwezo unaokaribiana. Ukitumiwa katika ligi ya watu mchanganyiko, mshindi hujulikana siku ya kwanza.

Njia ya pili ni kugawa timu katika madaraja kulingana na uwezo, na kuruhusu kupanda na kushuka kama inavyofanyika katika soka. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji timu nyingi. Ligi yenye timu nane ikigawanywa mara mbili, kila timu itabaki na wapinzani watatu tu wa kukutana nao mwaka mzima.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi, ni handikapu, yaani pini za fidia anazoongezewa mchezaji dhaifu. Wapenzi wa gofu wanaifahamu vyema dhana hii, kwa kuwa bila handikapu mchezaji wa wikendi hangeweza kushindana na yule anayeshinda uwanjani kila siku. Gofu yenyewe ilikuwa na mifumo sita tofauti duniani hadi ilipounganishwa mwaka 2020.

Katika bolingi, ligi huchagua kiwango cha msingi, mathalan alama 220, kisha asilimia, mathalan 90. Wastani wa mchezaji hutolewa katika kiwango hicho, na asilimia 90 ya tofauti inayobaki huwa ndiyo fidia yake katika kila mchezo. Mwenye wastani wa 180 hupata pini 36, naye mwenye wastani wa 140 hupata 72. Sehemu ya pini hutupwa.

Hesabu inayoamua ligi

Ili kuona uzito wa chaguo hilo, tuchukue timu mbili za wachezaji watatu watatu. Timu ya kwanza ina wachezaji wenye wastani wa 190, 185 na 180, jumla 555. Timu ya pili ina wenye 140, 130 na 120, jumla 390. Bila fidia, pengo ni pini 165 katika kila mchezo. Hapo hakuna ushindani.

Kwa kiwango cha 220 na asilimia 90, timu ya kwanza huongezewa pini 94 na kufikisha 649. Ya pili huongezewa 243 na kufikisha 633. Pengo sasa ni pini 16. Timu bora bado ina nafasi nzuri zaidi, lakini jioni moja njema ya wapinzani yatosha kuiangusha.

Asilimia ikishushwa hadi 70, timu ya kwanza hufikisha 628 na ya pili 579. Pengo linarudi kuwa 49, na kwa timu dhaifu kupata ushindi huwa jambo la nadra. Asilimia ikipandishwa hadi 100, zote mbili hufikisha 660 na pengo hutoweka.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini basi ligi zote zisitumie asilimia 100? Jibu liko katika tabia ya alama zenyewe. Anayejifunza hupanda na kushuka sana. Mwenye wastani wa 120 anaweza kuamka siku moja akapata 170. Mwenye wastani wa 210 si rahisi apate 260, kwa kuwa anakaribia ukomo wa 300.

Isitoshe, mwanafunzi huimarika kadiri msimu unavyoendelea, na wastani wake huchelewa kuufuata uwezo wake mpya. Kwa hivyo, katika asilimia 100, fidia yake mara nyingi huwa kubwa kuliko anavyostahili. Asilimia 90, au karibu na hapo, humwachia stadi faida ndogo ya jasho lake bila kumfungia mlango mnyonge.

Mtego mwingine umo katika kiwango cha msingi. Waandalizi wengi huitazama asilimia na kusahau namba hiyo. Tuseme asilimia ni ile ile 90, lakini kiwango ni 180. Wachezaji wa timu ya kwanza hawapati kitu, kwa kuwa wote wamefikia au kupita 180. Timu ya pili hupata pini 135 na kufikisha 525 dhidi ya 555.

Pengo limekuwa 30, karibu maradufu ya lile la awali, ilhali tangazo ukutani bado linasema asilimia 90. Kanuni ya busara ni kwamba kiwango cha msingi kiwe juu ya wastani wa mchezaji bora kabisa wa ligi.

Wanaoficha makali

Kila fidia huzaa kishawishi. Mchezaji ambaye uwezo wake ni 180 anaweza kuzembea makusudi wiki za mwanzo hadi wastani wake uonekane kuwa 160. Fidia yake hupanda kutoka pini 36 hadi 54. Akirejea uwezo wake halisi wakati wa mechi za taji, atakuwa na pini 18 za haramu katika kila mchezo, yaani 54 katika jioni ya michezo mitatu. Ushindi mwingi wa ligi hizi huamuliwa kwa pini chache kuliko hizo.

Kanuni za bolingi nchini Marekani zinaharamisha tendo hilo. Hata hivyo, kuthibitisha nia ya mtu si jambo jepesi. Pini moja iliyobaki imesimama haisemi kama iliachwa kwa makusudi au kwa bahati mbaya.

Dawa bora ni kuondoa faida ya hila hiyo. Ligi nyingi huanza msimu kwa wastani wa mwaka uliotangulia, mradi ulitokana na idadi ya kutosha ya michezo, mathalan 21. Nyingine huweka sakafu: wastani wa mchezaji hauwezi kushuka zaidi ya pini 10 chini ya ule wa mwaka uliopita. Mgeni asiye na rekodi hutengenezewa wastani kutokana na michezo ya jioni yake ya kwanza, kisha hukadiriwa upya kila wiki.

Michezo mingine imetoa funzo chungu kuhusu kishawishi cha aina hii. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, wachezaji wanane wa mpira wa vinyoya kutoka China, Korea Kusini na Indonesia walifukuzwa mashindanoni kwa kushindwa makusudi. Mfumo wa makundi ulikuwa umewafanya waone kwamba kushindwa mechi ya mwisho kungewapa wapinzani wepesi katika hatua ya mchujo.

Afrika nayo haijasahau Juni 25, 1982. Katika Kombe la Dunia nchini Uhispania, Algeria iliishinda Ujerumani Magharibi 2-1, kisha ikamaliza mechi zake siku moja kabla ya Ujerumani na Austria kukutana mjini Gijon. Timu hizo mbili zilijua kwamba ushindi mwembamba wa Ujerumani ungezivusha zote. Ujerumani ilifunga bao mapema, na muda mwingi uliosalia pande zote mbili hazikuonyesha ari ya kushambulia. Algeria ikaaga.

Tangu mwaka 1986, mechi za mwisho za kundi katika Kombe la Dunia huchezwa kwa wakati mmoja. Waliohusika mjini Gijon hawakuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa. Ratiba ndiyo iliyofungua mwanya, na ratiba ndiyo iliyobadilishwa.

Alama za msimamo

Baada ya fidia, ligi huamua jinsi ya kugawa alama za jioni. Mtindo wa kawaida ni alama moja kwa kila mchezo kati ya mitatu, na alama ya nne kwa timu yenye jumla kubwa ya pini.

Uzuri wake huonekana timu inapozidiwa mchezo mmoja vibaya. Tuseme timu imeshinda michezo miwili kwa pini tano tano, kisha ikapoteza wa tatu kwa pini 100. Kwa jumla ya pini pekee, imepoteza kila kitu. Kwa idadi ya michezo pekee, imeshinda. Kwa mtindo wa alama nne, zinagawana 2-2, na ni vigumu kwa upande wowote kulalamika.

Baadhi ya ligi huongeza alama za mtu binafsi. Mchezaji wa kwanza wa timu hii hupambanishwa na wa kwanza wa timu ile, wa pili na wa pili, na kadhalika. Hatua hii huwafaa sana wachezaji wa timu zilizo mkiani. Hata timu yao ikilemewa, kila mmoja ana pambano lake la kushinda jioni hiyo.

Soka ilitumia hoja kama hiyo ilipobadilisha thamani ya ushindi. Uingereza ilianza kutoa alama tatu badala ya mbili mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, ili timu zisiridhike na sare. Alama ni lugha ambayo waandalizi huitumia kuwaambia wachezaji jambo linalothaminiwa.

Ratiba na fainali

Ratiba ya haki kuliko zote ni ile inayoipa kila timu nafasi ya kukutana na kila nyingine mara sawa. Timu nane huhitaji wiki saba kwa mzunguko mmoja. Mizunguko minne huchukua wiki 28. Timu zikiwa saba au tisa, kila wiki moja hupumzika, na ni lazima ikubaliwe mapema iwapo itacheza dhidi ya wastani wake yenyewe au itaachwa bila alama.

Timu zikiwa nyingi na muda ukiwa mfupi, upo mtindo wa Uswisi, uliotumiwa kwanza katika mashindano ya sataranji mjini Zurich mwaka 1895. Kila raundi, wenye alama zinazolingana hupambanishwa, na hakuna anayeondolewa.

Ligi nyingi za bolingi huongeza jioni ya msimamo mwishoni mwa kila mzunguko. Timu ya kwanza hukutana na ya pili, ya tatu na ya nne, hadi mwisho. Mizunguko minne na jioni nne za namna hiyo huwa wiki 32. Faida yake ni kwamba timu za katikati na za mwisho hupata mechi yenye uzito dhidi ya wenzao wa kimo kimoja.

Fauka ya hayo, msimu unaweza kugawanywa sehemu mbili, na bingwa wa kila sehemu kukutana katika fainali. Mpango huu huwapa waliovurunda mwanzoni nafasi ya kuanza upya. Hatari yake ni kwamba mshindi wa nusu ya kwanza anaweza kulala usingizi, au hata kushusha wastani wake akingojea fainali. Ligi makini huzuia hilo kwa kutenga zawadi tofauti kwa timu yenye alama nyingi za msimu mzima.

Wachezaji wa kulipwa, ambao chama chao kiliundwa nchini Marekani mwaka 1958, wamezoea fainali za ngazi. Wa tano hucheza na wa nne, mshindi hukutana na wa tatu, na kadhalika hadi kwa aliyeongoza, ambaye hucheza mechi moja tu. Runinga huupenda mtindo huo kwa kuwa msisimko huongezeka hatua kwa hatua. Lakini kazi ya miezi saba inaweza kufutwa na mchezo mmoja.

Mambo madogo yaletayo ugomvi mkubwa

Hakuna ligi ambayo wachezaji hawakosi. Kanuni isipoandikwa, kila kutohudhuria huzua zogo. Mara nyingi asiyefika huhesabiwa wastani wake ukitolewa pini 10. Adhabu hiyo ni ndogo kiasi cha kutoimaliza timu, lakini yatosha kumfanya nahodha asimfiche nyumbani mchezaji aliyeshuka kiwango.

Njia za kuchezea nazo hazifanani. Hupakwa mafuta kabla ya mchezo, na mafuta hayo hubadilika kadiri matufe yanavyopita. Kwa sababu hiyo timu mbili hutumia jozi ya njia kwa kupokezana, na ratiba huzihamisha timu ili kila moja ipite katika jozi zote. Timu inayobaki mahali pamoja msimu mzima ina faida ambayo wastani hauionyeshi.

Zawadi nazo zitazamwe. Zote zikienda kwa timu tatu za kwanza, waliobaki huwa wamechangia karamu wasiyoila. Baadhi ya ligi hutenga sehemu kwa mchezaji aliyeimarika zaidi, kwa alama halisi za juu za jioni, na kwa washindi wa kila wiki.

Uzito wa suala hili

Mwaka 1995, msomi wa siasa wa Chuo Kikuu cha Harvard, Robert Putnam, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1980 na 1993 idadi ya Wamarekani waliocheza bolingi iliongezeka kwa asilimia 10, ilhali waliocheza katika ligi walipungua kwa asilimia 40. Watu hawakuuchoka mchezo, ila walikuwa wakiucheza nje ya ligi. Kwake, hiyo ilikuwa dalili ya kulegea kwa nyuzi zinazowaunganisha majirani na wafanyakazi wenza.

Kenya nayo imewahi kuona jinsi suala la mfumo linavyoweza kuyumbisha mashindano makubwa. Mvutano kuhusu kuongeza timu za Ligi Kuu ya soka kutoka 16 hadi 18 ulifika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Msimu wa 2017 ulichezwa na timu 18, na mwaka huo huo kampuni ya SuperSport ikajiondoa. Hoja za pande zote zilisikika wakati tayari maji yalikuwa yamezidi unga.

Kwa ligi changa ya timu nane zenye wachezaji wa viwango mbalimbali, mchanganyiko usio na hatari kubwa ni huu: kiwango cha msingi cha 220, asilimia 90, alama nne za jioni, mizunguko ya kukutana wote, na jioni ya msimamo kila baada ya mzunguko. Ligi ya mastadi watupu na itumie alama halisi. Na penye wachache waliobobea kupindukia, iwekwe jumla ya wastani ambayo timu hairuhusiwi kuipita, ili wasijikusanye upande mmoja.

Lakini lililo muhimu zaidi ni wakati wa kuamua. Kanuni zipigiwe kura na manahodha wote kabla ya tufe la kwanza kurushwa, ziandikwe, na zisiguswe hadi msimu umalizike. Baada ya wiki ya tano kila nahodha anajua ni asilimia gani itakayomfaa, na waliosema mwamba ngoma huvutia kwake hawakukosea.

Wahenga walisema pia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Hata hivyo, mtu hukubali kushindwa pale anapoamini kwamba angeweza kushinda. Kazi ya mfumo wa ligi ni kuilinda imani hiyo hadi jioni ya mwisho.